Viumbe Wadogo wa Kijito Hutuambia Nini?

Chota maji ya kijito katika bilauri. Yakiwa maangavu, je, kijito hicho ni kizima? Usikate shauri upesi. Maji ya jana yamekwisha kupita, na madhara yake huyaoni katika bilauri. Lakini viumbe wadogo wanaoishi chini ya mawe wamekaa humo kwa majuma mengi. Taka zilizopita usiku ziliwagusa.

Mto Zigi huanzia katika misitu ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Watu wa Tanga hunywa maji yake. Msituni, kivuli cha miti huyafanya maji yawe baridi, na maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko maji ya moto. Miti ya ukingoni ikikatwa, jua huyapasha maji, na mvua huleta udongo unaoziba nafasi chini ya mawe. Viumbe wengi hukosa makao.

Jaribio

Vifaa: chujio la chai, sahani nyeupe, lenzi ya mkono.

1. Nenda na mwalimu wako kwenye kijito chenye maji ya kina kifupi.
2. Shika chujio upande yanakokwenda maji, kisha inua jiwe mbele yake na ulisugue.
3. Mimina ulichokipata katika sahani yenye maji kidogo.
4. Hesabu aina za viumbe, kisha warudishe majini. Rudisha na jiwe mahali pake.
5. Rudia mahali pengine, chini ya mashamba au nyumba. Mwishoni nawa mikono kwa sabuni.

Maelezo

Mdudu bapa mwenye mikia miwili, na matamvua chini ya kifua, huhitaji oksijeni nyingi. Ukimwona, kijito kina hali njema. Wengi wa wadudu wenye mikia mitatu, na mabuu wajengao nyumba za chembe za mchanga, pia hupenda maji safi. Minyoo na mabuu wembamba wekundu huvumilia uchafu. Wekundu huo ni hemoglobini, ambayo huwasaidia kupata oksijeni iliyo haba. Ukikuta hao peke yao, kijito kina ugonjwa.

Angalia: Viumbe hawa hawaonyeshi vijidudu vya maradhi. Chemsha maji ya kunywa hata kama umewakuta wote.

Mazoezi

1. Kwa nini tunahesabu aina za viumbe, wala hatutazami rangi ya maji tu?
2. Mkulima akiacha miti ukingoni, ni nani atakayefaidika mbali na shamba lake? Eleza.