Gari Likichemsha, Usiguse Mfuniko wa Rejeta

Malalamiko yanayotufikia kutoka Mtwara mjini, Tandahimba, Newala na vijiji vya mwambao hadi Msimbati na Kilambo ni ya fundi aliyebahatisha, rejeta mpya iliyovuja, injini iliyonoki. Kuhusu mfuniko wa rejeta hatuletewi neno. Aliyeungua hunyamaza, akidhani ni ajali. Si ajali. Ni kosa linalozuilika, na ndiyo sababu ya kijitabu hiki.

Hatari iliyo chini ya mfuniko

Maji ya rejeta yamebanwa. Mfuniko umetengenezwa ili uyabane, na yakiwa hivyo yanaweza kufika nyuzijoto 110 hata 120 bila kuchemka. Ukiufungua, mgandamizo unatoka mara moja. Sehemu ya maji inageuka mvuke papo hapo na kuyarusha yaliyobaki usoni, kifuani na mikononi mwako. Kanga au taulo unayofungulia haikukingi. Inalowa maji ya moto, inaganda kwenye ngozi na kuzidi kuunguza.

Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto. Hata kidogo, hata kwa "kupunguza presha".

Mshale wa joto ukipanda

Zima AC, kisha washa hita hadi mwisho ingawa jua ni kali, kwa kuwa hita huchota joto la injini. Egesha mahali salama, zima injini, weka pembetatu. Mvuke ukitoka, boneti isifunguliwe mpaka ukome. Ukiona moto, ondoa watu na upige 114 kuwaita Zimamoto.

Kisha ngoja. Nusu saa ni kiwango cha chini; kwenye jua la Novemba ngoja saa nzima. Abiria wakikuharakisha, waache wanung'unike. Funga mkono kitambaa kikavu, ubinye mpira mnene wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu au wa moto, bado. Ukilegea na kupoa, geuza uso pembeni, zungusha mfuniko mpaka kituo cha kwanza tu, usikilize. Ukisikia pumzi inatoka, acha mkono. Magari mengine mfuniko wake uko kwenye kopo la akiba. Tahadhari ni hiyo hiyo. Mikono ikae mbali na feni, maana ya umeme inaweza kujiwasha injini ikiwa imezimwa.

Maji baridi yasimiminwe kwenye injini ya moto. Silinda hedi ya alumini hupinda au kupasuka.

Kutafuta chanzo nyumbani

Anza na swali: linachemsha wapi? Likichemsha kwenye mchanga wa Msimbati, gia ndogo na mwendo wa kukokota, lakini likapoa barabara ya lami, shuku feni, fyuzi yake au mkanda. Mwendo mdogo hauleti upepo; feni ndiyo tegemeo. Likichemsha likiwa na mzigo wa korosho kwenye mlima wa kutoka Masasi kwenda Newala, shuku rejeta iliyoziba. Tazama kwanza mapezi yake kwa nje. Manyasi na vumbi hujaa humo, nayo husafishwa kwa maji ya nguvu ndogo kutokea upande wa injini.

Maji yakipungua kila mara, weka boksi kavu chini ya gari usiku, asubuhi utaona panapovuja. Yakipungua bila kudondoka, moshi mweupe ukaendelea kutoka hata injini ikishapata moto, au oili ikawa na rangi ya chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo usiwashe tena. Mwite fundi.

Maelekezo haya ni ya magari madogo yenye rejeta. Pikipiki zinazopozwa kwa upepo na mitambo mizito havihusiki. Gari lililo ndani ya dhamana lirudishwe kwa muuzaji.

Maji gani?

Jambo hili mwambao wetu umelipuuza mno. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi, na mto Ruvuma karibu na mdomo wake huingiwa na maji ya bahari yanapojaa. Chumvi hula alumini, huozesha pampu na kuziba njia. Tumia kulanti inayofaa gari lako, iliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Ukikosa, maji ya betri au ya mvua yaliyokingwa safi yatakufikisha kwa fundi. Maji ya betri si asidi ya betri. Soma chupa kabla ya kulipa. Kulanti nyingi ni tamu na ni sumu, kwa hiyo isihifadhiwe kwenye chupa ya soda mtoto anapoifikia.

Aliyeungua

Mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Aliyeungua uso au macho apelekwe hospitali mara moja. Kwa walio Mtwara mjini, Hospitali ya Ligula.

Neno kwa mafundi

Kutoa thamostati na kuiacha nje si matengenezo. Injini hukawia kupata moto, hula mafuta, na chanzo hubaki palepale. Itumbukizeni kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto: nzima hufunguka kabla hayajachemka. Isipofunguka, mwenye gari anunue nyingine. Na kabla ya kuitoa kwenye injini, ngojeni ipoe, mfuniko wa rejeta ukiwa umefungwa.