SEWANEE 1899: MECHI TANO KWA SIKU SITA

Mukisikia Wamarekani wanasema «futboli», musifikiri mupira wetu wa miguu. Wao wanachukuaka mupira mu mikono, mupira wenyewe uko na umbo la yai, na watu 11 wanasukumana na wengine 11 mpaka mmoja auvushe mstari wa mwisho wa upande wa pili. Leo tusome juu ya ekipi moja ya mwanzo wa mchezo ule: ekipi ya chuo kikuu kidogo cha Sewanee, jimbo la Tennessee, kusini ya Marekani. Chuo kile ni cha Kanisa la Episkopali, na kiko juu ya mlima, mbali na miji mikubwa.

Kwanza kanuni za 1899, maana bila kanuni hesabu hazitaeleweka. Kuvusha mupira kulileta pointi 5. Kisha teke moja la kuupitisha kati ya miti ya goli liliongeza pointi 1. Ekipi ilipewa majaribio matatu ili iendelee yadi 5, ni kusema metre 4 na nusu. Ikishindwa, mupira unaenda kwa wengine. Kutupa mupira mbele kwa mkono kulikatazwa mpaka 1906. Basi kazi yote ilikuwa kusukumana mwili kwa mwili, bila kofia ngumu kichwani. Mchezaji akitoka harudi tena, kwa hiyo wengi walivumilia mpaka mwisho hata kama wameumia.

Meneja wa ekipi alikuwa mwanafunzi wa miaka 20, jina lake Luke Lea. Yeye hakucheza, alitunza feza na kuandika barua. Mwaka ule Sewanee hawakusikilizana na jirani zao wa chuo cha Vanderbilt juu ya kugawanya feza za mlangoni, na mechi yao ikakufa. Ilikuwa hasara kubwa. Lea akafanya nini? Akaandikia vyuo vya mbali, akapanga safari moja ya treni, kilometa karibu 4,000 kwenda na kurudi, ili mechi nyingi zilipe njia moja. Kumbe mechi zile tano zilizaliwa mu sanduku tupu! (Huyu Lea baadaye, tangu 1911 mpaka 1917, alikuwa seneta wa Marekani. Sishangai.)

Wakapanda treni na mapipa ya maji ya chemchemi ya kwao. Alhamisi tarehe 9 Novemba, mjini Austin, wakashinda chuo kikuu cha Texas 12–0. Kesho yake Houston, Texas A&M 10–0. Jumamosi New Orleans, Tulane 23–0. Siku ya Bwana hawakucheza. Jumatatu Baton Rouge, chuo kikuu cha Louisiana 34–0. Jumanne Memphis, chuo kikuu cha Mississippi 12–0. Jumlisheni wenyewe: pointi 91, na adui wote watano hawakupata hata moja.

Angalieni tena hesabu zile. Ushindi mkubwa kuliko yote ulikuja siku moja nyuma ya pumziko. Sitasema pumziko peke yake njo sababu, kwa maana ekipi zile tano hazikuwa na nguvu sawasawa. Lakini mwanafunzi mwenye akili ataandika neno lile pembeni ya daftari.

Mu treni ile kulikuwa pia mtu mweusi, Cal Burrows, aliyewakanda wachezaji miguu na mabega. Fikirini kidogo kazi yake: kila jioni watu wanarudi wamevimba, na asubuhi wanapashwa kusimama tena. Hata hivyo chuo kile hakikupokea mwanafunzi mweusi hata mmoja wakati ule. Mlango ulianza kufunguka miaka ya 1950 tu. Wanaposifu wachezaji wale, yeye pia ahesabiwe.

Mtu atauliza: hakuna mtu aliyewatikisa? Yuko. Tarehe 30 Novemba, mjini Montgomery, walikutana na Auburn, ekipi iliyofundishwa na John Heisman, yule ambaye jina lake liko leo juu ya zawadi ya mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Auburn walipata pointi 10, Sewanee 11. Pointi moja tu! Siku mbili nyuma yake, Atlanta, walishinda North Carolina 5–0 na mwaka ukafungwa: mechi 12, ushindi 12, pointi 322 kwa 10. Zile 10 ni za Auburn zote.

Kusukumana kule kuliua watu. Mwaka 1905 magazeti ya Marekani yalihesabu vijana karibu ishirini waliokufa juu ya mchezo huu, na Rais Theodore Roosevelt akaita wakubwa wa vyuo ili wabadilishe. Kanuni mpya zikatoka 1906. Mimi naona zilichelewa.

Na Sewanee? Mu 1932 waliingia ligi moja na vyuo vikubwa vya kusini. Wakabaki mule mpaka 1940 bila kushinda mechi hata moja ya ligi, wakatoka. Mchezo wanauchezaka mpaka leo, kati ya vyuo vidogo visivyolipia mwanafunzi masomo juu ya kucheza.