Mfifio wa Rangi katika Jalada la Kuchapwa: Mbinu na Istilahi

1.0 Utangulizi

Katika vyama vya wanafunzi, kazi ya kusanifu majalada ya majarida, mabango ya makongamano na kadi za mialiko mara nyingi huwaangukia wanafunzi wenyewe. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuhakiki riwaya na kupima mizani ya shairi hujikuta ameketi mbele ya tarakilishi, akitakiwa kuchagua rangi. Miongoni mwa mapambo yanayopendwa sana ni ile rangi inayoanza ikiwa imekolea upande mmoja wa jalada, ikafifia kidogokidogo hadi upande wa pili, au ikageuka polepole na kuwa rangi nyingine. Kwenye skrini pambo hilo huonekana laini kama anga la alfajiri. Nakala zinapotoka matbaani, hata hivyo, huenda anga hilo likawa limekatikakatika katika milia inayoonekana waziwazi. Wakati huo karatasi imekwisha kutumika, wino umekauka na fedha za chama zimelipwa.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha milia hiyo na namna ya kuiepuka. Hoja kuu inayoshikiliwa ni kwamba mara nyingi kosa hutokea kabla kazi haijafika matbaani, pale msanifu anaposahau kuwa anasanifia wino na karatasi, wala si mwanga wa skrini. Aidha, makala yanajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo maneno ya kutosha kuifundisha mbinu hii bila kuhemea kila neno kutoka nje.

2.0 Istilahi zinazotumika

Inajulikana kuwa katika Kiswahili ni rangi tatu tu zenye vivumishi vinavyopokea viambishi vya ngeli, yaani -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine hutajwa kwa kurejelea vitu: kijani kutokana na jani, kijivu kutokana na jivu, kahawia kutokana na kahawa, zambarau kutokana na tunda. Baadhi ya watu huichukulia hali hii kama upungufu wa lugha. Hata hivyo, mtu akiacha kutazama nomino na vivumishi, akageukia vitenzi, ataona utajiri mkubwa. Rangi hukolea, hufifia, hupauka na huchujuka. Khanga iliyofuliwa mara nyingi imechujuka. Haisemwi kuwa imepambazuka. Kwa hiyo lugha imekwisha kuitambua rangi kama kitu chenye mwendo, na mwendo ndio kiini cha mbinu inayojadiliwa hapa.

Kutokana na kitenzi fifia, makala haya yanatumia nomino mfifio, iliyoundwa kwa utaratibu uleule uliozaa mchezo kutokana na cheza na mtego kutokana na tega. Mfifio wa rangi ni mabadiliko ya taratibu kutoka kiwango kimoja cha rangi hadi kingine, au kutoka rangi moja hadi nyingine. Kila hatua ndogo ya mabadiliko hayo itaitwa ngazi. Ngazi zinapokuwa pana kiasi cha kuonekana kwa macho, kosa hilo litaitwa milia, neno ambalo msomaji analijua tangu utotoni kwa sababu ya punda milia.

3.0 Mwanga wa skrini na wino wa karatasi

Skrini huunda rangi kwa kuchanganya mianga mitatu: mwekundu, wa kijani na wa buluu. Katika faili ya kawaida ya biti 8, kila mwanga una ngazi 256. Matbaa, kwa upande mwingine, huunda rangi kwa aina nne za wino: sayani, ambayo ni buluu inayoelekea kijani; majenta, ambayo ni nyekundu inayoelekea zambarau; manjano; na nyeusi. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtambo wa ofseti hauwezi kupaka wino mzito hapa na mwepesi pale. Mahali popote kwenye karatasi, ama pana wino ama hapana.

Swali linalozuka ni hili: ikiwa wino haupunguzwi, rangi hufifia vipi? Jibu limo katika vitone. Eneo lililokolea huchapwa kwa vitone vikubwa vinavyogusana, na eneo lililofifia kwa vitone vidogo vilivyozungukwa na weupe wa karatasi. Vitone hivyo ni vidogo mno hivi kwamba jicho huvichanganya na weupe ule na kuona rangi moja hafifu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa kawaida vitone vya kila wino hupangwa kwa pembe yake, mathalan nyuzi 45 kwa nyeusi, 75 kwa majenta, 15 kwa sayani na 0 kwa manjano, ili visipandane na kuzua mapambo yasiyotakiwa.

Hapa ndipo idadi ya ngazi inapoamuliwa. Chombo kinachoandaa bamba la kuchapia, au pleti kama wanavyoiita wenye matbaa, huunda kila kitone kwa kukusanya nukta ndogo zaidi. Iwapo chombo hicho kinachora nukta 2400 kwa inchi, na vitone vimepangwa mistari 150 kwa inchi, basi kila kitone kina nafasi ya nukta 16 kwa 16, yaani nukta 256. Ukijumlisha na hali ya kutokuwa na nukta yoyote, zinapatikana ngazi 257, na mfifio una nafasi ya kutosha. Lakini printa ya ofisini yenye nukta 600 kwa inchi, isiyoweza kubadilisha ukubwa wa nukta zake, ikipanga vitone mistari 85 kwa inchi, kila kitone hupata nukta 7 kwa 7 tu. Ngazi zake ni 50. Kwa sababu hiyo, nakala ya jaribio iliyotolewa kwa printa ya namna hiyo haifai kuwa hakimu wa mfifio utakaochapwa kwa ofseti.

4.0 Hesabu ya ngazi

Msanifu anaweza kutabiri milia kabla ya kulipa hata senti moja. Kwanza atafute wino unaobadilika zaidi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfifio. Pili, azidishe kiasi cha badiliko hilo kwa 256; jibu ni idadi ya ngazi. Tatu, agawe urefu wa mfifio kwa idadi hiyo ili apate upana wa kila ngazi. Upana ukizidi takriban milimita 0.76, milia huanza kuonekana.

Chukulia jalada la jarida la ukubwa wa A5, ambalo urefu wake ni milimita 210. Msanifu ametaka kijivu kinachotoka asilimia 10 ya wino mweusi juu hadi asilimia 30 chini. Badiliko ni asilimia 20. Ngazi ni 256 mara 0.2, yaani takriban 51. Milimita 210 zikigawanywa kwa 51, kila ngazi ina upana wa milimita 4 na ushei. Milia haitakosekana. Si ajabu kwamba mififio iliyo hafifu zaidi, ile inayodhaniwa kuwa ya upole na adabu, ndiyo inayoharibika upesi: badiliko lake ni dogo na safari yake ni ndefu. Hata mfifio wa wino mmoja unaotoka 0 hadi 100 hufikia mpaka huo urefu wake unapokuwa sentimita 19.5 hivi.

Jicho nalo huzidisha kosa. Mnamo mwaka wa 1865, mwanafizikia Ernst Mach wa Austria alieleza jinsi jicho linavyoutia nguvu mpaka baina ya maeneo mawili yanayotofautiana kidogo kwa mwangaza. Upande mweupe huonekana mweupe zaidi penye mpaka, na upande mweusi huonekana mweusi zaidi. Kwa hiyo ngazi ambayo kipimo kingeiona ndogo huweza kuonekana na msomaji kama ufa.

5.0 Kinachotokea katikati ya mfifio

Kosa la pili halihusu milia bali uchafu wa rangi. Tuseme jalada linataka kuonyesha machweo ya Pwani: rangi ya chungwa chini na buluu juu. Chungwa hilo ni majenta asilimia 60 na manjano asilimia 100. Buluu ni sayani asilimia 100 na majenta asilimia 60. Programu ikiachiwa ijiendee yenyewe, katikati itaweka wastani: sayani 50, majenta 60 na manjano 50. Aina tatu za wino zikikutana kwa viwango vinavyokaribiana, matokeo ni rangi ya tope. Machweo yatakuwa na ukanda mchafu kifuani.

Dawa yake ni kuweka kituo katikati ya safari. Msanifu akiongeza rangi ya tatu, mathalan sayani 30 na majenta 75 bila manjano, mfifio utatoka kwenye chungwa, upite kwenye waridi na zambarau, ndipo ufike kwenye buluu. Hesabu nayo inakubali. Katika nusu ya kwanza manjano hubadilika kwa asilimia 100, hivyo ngazi 256 hugawana milimita 105, na kila moja hupata milimita 0.41. Katika nusu ya pili sayani hubadilika kwa asilimia 70. Ngazi ni 179 na upana wake ni milimita 0.59. Majenta hubadilika kidogo tu, lakini ngazi zake pana hufichwa na ngazi nyembamba za wino mwingine. Rangi imesafishwa na milia imeepukwa kwa hatua moja.

Hali kadhalika, mfifio unaotoka kwenye rangi kwenda nyeusi unahitaji uangalifu. Sayani asilimia 100 ikifififishwa kwenda nyeusi tupu, katikati hubaki sayani 50 na nyeusi 50, rangi iliyopauka kama kitambaa kilichoanikwa juani. Afadhali upande mweusi nao upewe sayani asilimia 100 chini ya wino mweusi, ili sayani isitoweke njiani.

6.0 Ncha za mfifio

Mwanzo na mwisho wa mfifio vina mitego yake. Vitone vidogo sana, vya chini ya asilimia 2 au 3, huenda visishike kwenye bamba au karatasi. Matokeo ni kwamba rangi haimaliziki kwa upole bali hukatika ghafla, ikaacha ukingo. Kwa upande wa pili, vitone vinavyozidi asilimia 95 hivi huweza kuungana na kuwa wino mtupu. Isitoshe, wino hutanuka unapobanwa kwenye karatasi na kunywewa. Kitone kilichotengenezwa kwa asilimia 50 kinaweza kuonekana kama asilimia 70, hasa kwenye karatasi ya gazeti. Mfifio mzima husogea upande wa giza, na ule uliopangwa kwa ajili ya karatasi laini hauwezi kuhamishiwa karatasi ya gazeti bila kurekebishwa.

7.0 Mambo ya kuzingatia

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, msanifu anashauriwa kufanya yafuatayo:

(a) Aanze kazi katika mfumo wa aina nne za wino. Buluu inayong'aa kwenye skrini huelekea zambarau inapogeuzwa kuwa wino, na ni afadhali mshangao huo umpate mapema.

(b) Afanye hesabu ya ngazi. Milia ikitabirika, afupishe mfifio au aongeze tofauti kati ya ncha zake.

(c) Mfifio ukilazimika kuwa mrefu na hafifu, auunde katika programu ya picha kama Photoshop, kisha anyunyize chembechembe kidogo. Chembe hizo huvunja mipaka ya ngazi, jicho likakosa mstari wa kushika. Picha iwe na pikseli 300 kwa inchi na ihifadhiwe kwa muundo wa TIFF. Muundo wa JPEG uliobanwa sana huzifuta chembe na kuirudisha milia.

(d) Mfifio uliochorwa katika programu kama Illustrator apeleke matbaani kwa PDF, bila kuugeuza kuwa vipande. Tangu toleo la tatu la lugha ya PostScript mwaka wa 1997, mfifio unaweza kuelezwa kama kanuni ya hisabati, na chombo cha matbaa kikauchora kwa uwezo wake wote. Ukikatwa vipande mapema, ngazi zake hufungwa papo hapo.

(e) Amuulize mchapaji maswali matatu kabla ya kuanza: karatasi ni ya aina gani, vitone vitapangwa mistari mingapi kwa inchi, na kitone kidogo kinachoshika ni cha asilimia ngapi. Kisha aombe nakala ya jaribio iliyotolewa kwa chombo kinachoaminiwa na matbaa hiyo.

8.0 Hitimisho

Imebainika kwamba ulaini wa mfifio ni suala la hesabu na la kuujua wino, na kwamba milia hutabirika kabla ya kuchapwa. Suala la lugha nalo lisipuuzwe. Mwanafunzi anayerudi matbaani akisema tu kwamba rangi imeharibika hana la kumjibu mchapaji atakapoilaumu faili. Anayeweza kusema kwamba ngazi ni pana, vitone vimetanuka au ncha imekatika, ameshika mpini wa mazungumzo hayo, na pengine ataokoa fedha za chama chake. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili ambao kila mwaka hujadili ukuzaji wa istilahi za sayansi wana uwanja wa majaribio ulio karibu mno. Uwanja huo ni jalada la jarida lao lijalo.