Mgombea wa Kura Chache: Lini Anastahili Ukurasa Wikipedia?

"Kaka, habari za siku. Mzee wetu anagombea urais mwaka huu, na ukimtafuta Google hatokei. Tunaomba umtengenezee ukurasa Wikipedia. Hatutakuacha hivi hivi."

Anayejulikana mtaani kuwa anahariri kamusi elezo ile ataupata ujumbe wa namna hii mapema au baadaye, na zaidi msimu wa kuchukua fomu ukikaribia. Aliyeniandikia mimi alikuwa kijana mwenye adabu zake, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mzee kapitishwa na chama chenye usajili wa kudumu. Picha yake itakuwa kwenye karatasi ya kura kuanzia Kagera hadi Mtwara. Iweje mchezaji aliyeingia dakika ya 85 katika mechi moja ya ligi awe na ukurasa, yeye asiwe nao?

Jibu ni kwamba kugombea peke yake hakutoshi. Wikipedia ya Kiingereza, ambayo hata sisi wa Kiswahili huichungulia tunapobishana, inamchukulia mbunge au waziri kuwa anastahili makala kwa sababu ya cheo chenyewe. Mgombea ambaye hajawahi kushinda hana nafuu hiyo. Yeye hupimwa kwa kipimo cha kila mtu: je, watu wasio wake, katika vyombo vinavyoaminika, wameandika habari zake kwa kina? Tumezoea kukiita kipimo hicho umaarufu, na nadhani neno hilo ndilo linalotugombanisha. Mtu anaweza kuwa maarufu stendi nzima ya Msamvu na bado hakuna aya mbili za kuaminika juu yake. Kinachotafutwa ni kuandikika: kama ukikaa kumwandika, utakuwa na cha kuandika au hutakuwa nacho.

Kosa la kwanza la wengi ni kukimbilia kura. Chukua Kenya mwaka 2013. Wagombea urais walikuwa wanane. Mwalimu Mohamed Abduba Dida, ambaye miezi michache kabla Wakenya wengi hawakuwa wamemsikia, alipata kura 52,848. Martha Karua alipata 43,881. Paul Muite akashika mkia kwa kura 12,580. Kwa hesabu ya kura, Dida ndiye angetangulia kuandikwa, na Muite angeachwa nje. Lakini Karua alikuwa mbunge wa Gichugu tangu 1992 na aliwahi kuwa Waziri wa Sheria, na Muite ni wakili ambaye huwezi kusimulia jinsi vyama vingi vilivyodaiwa Kenya ukamruka. Hawa wangekuwa na makala hata kama wasingechukua fomu. Mwaka 2017, katika uchaguzi wa Agosti, wa mwisho alikuwa Cyrus Jirongo. Huyu aliongoza YK'92, kundi la vijana lililompigania Rais Moi katika uchaguzi wa 1992, na noti ya shilingi 500 iliyotoka enzi hizo ikabatizwa "Jirongo" mitaani. Mtu ambaye noti imeitwa kwa jina lake haulizwi kapata kura ngapi.

Na Dida je? Alikuja kuandikika, ila si kwa kura. Tarehe 11 Februari 2013 ulifanyika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais nchini humo, ukaoneshwa na televisheni, naye akasimama jukwaani na majibu yake ya mkato. Baada ya usiku ule waandishi walianza kumtafuta ili wajue ni nani. Mhariri anapaswa kuusubiri wakati huo, wakati watu wengine wanapotumia muda na wino wao kuuliza habari za mtu bila kutumwa naye.

Mfano ninaoupenda zaidi uko kwetu. Mwaka 2005 Watanzania wa Bara na Visiwani walipiga kura kumchagua rais kati ya wagombea 10. Mchungaji Christopher Mtikila wa chama cha DP alipata kura 31,083, yaani asilimia 0.27. Ukimtazama kwa jicho la jedwali la matokeo ni mtu wa kupitwa. Sasa fuata nyaraka. Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu Dodoma akipinga, pamoja na mambo mengine, sharti kwamba mgombea lazima apitie chama. Mwaka uliofuata Jaji Lugakingira akampa ushindi, na Bunge likabadili Katiba kuuziba mlango uleule. Mtikila akarudi mahakamani, akashinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha. Juni 14, 2013 mahakama hiyo ikatamka kwamba Tanzania ilikiuka haki zake. Hadi leo mwanafunzi wa sheria anayesoma habari za mgombea binafsi anakutana na jina lake kabla ya jina la chama chake. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu. Makala ya mtu kama huyu haina shida ya vyanzo, ina shida ya mpangilio: uchaguzi wa 2005 uwe aya moja na kesi zichukue zilizobaki.

Katika orodha ileile ya 2005 yumo Anna Senkoro wa PPT-Maendeleo, kura 18,783, mwanamke pekee kati ya wale 10 na wa kwanza kugombea urais wa Muungano. Hapa wahariri huvutana. "Wa kwanza" ni dalili nzuri kwamba kuna walioandika, ila dalili si ushahidi. Utaenda kutafuta.

Namna ya kutafuta, ninavyofanya mimi, ni hii. Nafungua ukurasa mtupu na kuweka kila ninachokipata: gazeti, hukumu, kitabu, redio. Kisha nafuta kila kilichotoka kinywani mwa mgombea au chama chake. Tovuti ya chama inaondoka. Wasifu uliosomwa siku ya uteuzi unaondoka. Taarifa kwa vyombo vya habari iliyonakiliwa neno kwa neno na blogu tisa nahesabu moja, nayo inaondoka, maana mwandishi wake ni ofisi ya kampeni. Mahojiano nayaacha kwa shingo upande. Yanafaa kuthibitisha mtu alisema nini, hayathibitishi kwamba alichosema ni kweli. Gazeti la Serikali linathibitisha aliteuliwa, basi. Habari ya kulipiwa nayo inaondoka, na ukishakaa na magazeti yetu muda mrefu pua inajifunza kuinusa: sifa zimejaa, hakuna upande wa pili, na mwisho kuna namba ya simu.

Angalia sana habari za siku ya fomu. Anayetaka urais Tanzania anatakiwa kupata wadhamini 200 katika kila mkoa, kwenye mikoa isiyopungua 10, na miwili kati ya hiyo iwe Zanzibar. Akifika ofisi za Tume ya Uchaguzi kwa bajaji badala ya msafara, kamera zote zitamgeukia, na kesho yake ataonekana kila mahali. Wiki moja baadaye utakuta habari 15 zenye picha ileile na hakuna hata moja inayosema alizaliwa wapi au alifanya kazi gani. Magazeti yaliandika tukio, mtu mwenyewe hayakumgusa.

Kilichobaki baada ya kufuta ndicho kinachokujibu. Kikibaki jina, chama na idadi ya kura, huna makala, una mstari. Mstari una mahali pake: jedwali katika makala ya uchaguzi wenyewe, kama ule wa Tanzania wa 2020 uliokuwa na wagombea urais 15. Jina la mgombea utaliwekea elekezo, ili anayemtafuta afikishwe kwenye jedwali hilo. Naona hii ni heshima ya kutosha, tena inamlinda. Ukurasa wenye sentensi mbili hugeuka haraka kuwa uwanja wa wapambe na wabaya wake.

Usiishie kwenye Google, lakini. Chanzo hakilazimiki kuwa mtandaoni. Mwanasiasa wa 1995 anaweza asionekane kabisa kwenye intaneti, ilhali Majira na Rai za mwaka ule zimejaa habari zake. Nenda kwenye mkusanyiko wa East Africana pale maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uombe magazeti, ukubali vumbi. Andika jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Hiyo ni tanbihi halali. Anayefuta makala ya Mwafrika kwa sababu dakika mbili za kutafuta hazikumpa kitu hajafanya kazi yake.

Kuna kundi linalotaka uangalifu wa pekee, wale walioandikwa kwa sababu walichekesha. George Wajackoyah aligombea Kenya mwaka 2022 akiahidi kuhalalisha bangi, kufuga nyoka kwa ajili ya sumu yao na kuuza korodani za fisi nje. Alipata kura 61,969, na vyombo vya dunia nzima vilimwandika. Hashim Rungwe wa CHAUMMA alivuma kwa ahadi ya ubwabwa, akaitwa Mzee wa Ubwabwa. Wote wawili wanaandikika, na ahadi zao haziwezi kuachwa. Ila Rungwe ni wakili aliyegombea urais 2010 kupitia NCCR-Mageuzi, kisha 2015 na 2020 kupitia CHAUMMA. Ukimfanya sinia la wali tu, umeandika kibonzo. Kwa mtu aliye hai kanuni ni kali zaidi: dai baya lisilo na chanzo linaondolewa palepale, halisubiri mjadala.

Hukumu ya leo pia si ya milele. Mwaka 2020 huko Marekani, Theresa Greenfield aliteuliwa na Democrats kuwania useneti wa Iowa, na kwa miezi kadhaa wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walimkatalia makala japo kinyang'anyiro kilikuwa cha kukaribiana. Walikuja kumkubalia uchaguzi ukiwa umekaribia. Mimi naona walichelewa. Hapa kwetu Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo alishika nafasi ya tatu mwaka 2015 kwa kura 98,763, na Juni 2017 Rais Magufuli, aliyemshinda, akamteua kuwa Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Ambaye angemwekea elekezo 2015 angelazimika kurudi kulifungua na kuandika makala kamili. Ndiyo maana elekezo ni bora kuliko kufuta: historia ya ukurasa inabaki, na atakayekuja haanzi na karatasi nyeupe.

Nikarudi kwa yule kijana. Kuhusu "hatutakuacha hivi hivi" nilimwambia kwamba tangu 2014 masharti ya matumizi ya Wikipedia yanamtaka anayelipwa kuhariri aseme hadharani analipwa na nani, nami sikutaka kuwa na la kutangaza. Kisha nikamwomba vitu vitatu tu vilivyoandikwa juu ya mzee na watu wasio wa chama, hata kama ni vipande vya magazeti alivyovipiga picha kwa simu.

Baada ya siku mbili simu ikalia. Alikuwa ametuma bango la kampeni, wimbo wa dakika nne, na picha ya mzee akiwa ameshika fomu. Sasa uchaguzi umepita, na mzee yumo kwenye jedwali la matokeo, mstari wa tatu kutoka chini, na jina lake nimehakikisha limeandikwa sawasawa.