BCG na Kifua Kikuu: Kinga Hudanganywa Vipi?

Je, mwili hupambana kwa nguvu zaidi na bakteria mkali kuliko aliyedhoofishwa?

Wengi hudhani hivyo, lakini ushahidi wa kifua kikuu unasema vingine. Linganisha bakteria wa ugonjwa huo na BCG, yaani bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe ambaye Albert Calmette na Camille Guérin walimwotesha upya mara 230 mjini Lille, kuanzia 1908 hadi 1921, mpaka akaishiwa makali. Wote wawili humezwa na makrofaji, seli za kinga zinazokula wavamizi. BCG hubaki zaidi ndani ya kifuko alimofungiwa. Yule mkali hutoa protini ya ESAT-6 kupitia mtambo uitwao ESX-1, akakitoboa kifuko. Seli hupiga king'ora, ila king'ora chenyewe ni interferoni za kundi la kwanza, silaha ya kupigana na virusi ambayo kwa kifua kikuu mara nyingi huharibu ulinzi. Isitoshe, makrofaji iliyobeba bakteria dhaifu huelekea kufa kwa utaratibu, mabaki yake yakaliwa na seli jirani zinazoyapeleka kwa seli T. Mkali hukizuia kifo hicho, huzaliana humo, kisha huipasua seli na kumwagika. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na homa kali na mapafu yaliyoliwa, yaani mwitikio mkubwa kweli kweli, na bado bakteria wakashamiri. Kwa maoni yangu, ukali wa bakteria huyu upimwe kwa uwezo wake wa kuupotosha mwitikio.

Lakini BCG alipoteza mengi katika miaka hiyo 13. Kwa nini lawama zote ziangukie ESX-1?

Shaka hiyo ni ya haki. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba aina zote za BCG zilizochunguzwa zimekosa kipande cha jeni kiitwacho RD1, kinachobeba sehemu ya mtambo huo. Watafiti walipokirudisha, BCG akawa mkali zaidi kwa panya wenye upungufu wa kinga. Walipokiondoa kwa bakteria wa kifua kikuu, makali yakapungua. Hata hivyo BCG aliyerudishiwa hakufikia ukali kamili, na aina ya maabara ya H37Ra ni dhaifu ingawa RD1 anacho: ana kasoro kwenye jeni phoP, miongoni mwa nyingine. ESX-1 ni kiini, si kila kitu.

Kama BCG huonwa vizuri hivyo, mbona waliochanjwa huugua ukubwani?

Hili ndilo pingamizi zito. BCG huwakinga watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu cha utando wa ubongo, lakini jaribio kubwa la Chingleput, India, halikuona kinga kwa watu wazima. Kuonwa mapema hakutoshi: seli T hukumbuka kilichoonyeshwa tu, na BCG hana ESAT-6 ya kuonyesha. (Pengo hilohilo huwafaa madaktari, kwani kipimo cha damu kinachotumia ESAT-6 hakimchanganyi aliyechanjwa na aliyeambukizwa.)

Basi BCG ni salama kwa kila mtu?

Hapana. Udhaifu wake hutegemea aliyempokea. Kwa mtoto mwenye VVU asiyetibiwa anaweza kusambaa mwilini, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto hao wasichanjwe. Mwaka 2018 lilikubali wachanjwe wale wanaotumia dawa za kufubaza VVU ambao kinga yao imetengemaa.