Ukumbi Uliolala Chini ya Nyumba za Watu

Wengi wetu tumekwisha kuona vitabuni picha za kumbi za michezo za Warumi, na huenda tukadhani kwamba zote zimekaa wazi tangu zamani zikiwangojea wageni. Ule wa Cartagena, mji wa bandari kusini-mashariki ya Hispania, haukuwa hivyo. Ulipotea katikati ya mji! Watu walipika na kulala juu yake vizazi kwa vizazi, wasijue, hata ulipogunduliwa mwaka 1988.

Warumi waliuteka mji huo kwa Wakartago mwaka 209 K.K. Ukumbi wenyewe ulijengwa baina ya mwaka wa 5 na wa 1 K.K., zama za Kaisari Augusto, ukawekwa wakfu kwa jina la wajukuu wake, Gayo na Lukio. Mafundi walichagua ubavu wa kilima, wakachonga sehemu ya mwamba iwe madaraja ya kukalia, nusu duara, yakipanda kutoka chini hata juu. Watu 6,000 na zaidi walienea humo. Lakini hakuna aliyekaa apendapo: wakubwa wa mji walikaa chini, karibu na jukwaa, na kadiri cheo kilivyopungua ndivyo mtu alivyopanda juu. (Sisi darasani tulipenda viti vya nyuma kwa sababu nyingine.) Nyuma ya jukwaa ulisimama ukuta mrefu wenye nguzo za mawe mekundu, na vichwa vya nguzo hizo vilikuwa vya marmar nyeupe iliyoletwa kwa merikebu kutoka Italia.

Basi, ikawaje ukapotea? Katika karne ya 5 watu walijenga soko papo hapo, kwa mawe ya ukumbi wenyewe. Kisha zikaja nyumba juu ya nyumba. Kanisa la Mtakatifu Maria nalo likajengwa juu ya madaraja ya juu, likaja kuharibiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936–1939.

Wachimbaji walipoanza kazi, nyumba zilizokuwa juu ya ukumbi zilibomolewa. Gofu la kanisa je? Kuliondoa kungefunua viti vingine, lakini kungefuta habari za watu wengine waliosali pale. Wakaliacha. Nami naona walifanya vema.

Siku hizi mgeni huingilia jumba la makumbusho, lililofunguliwa mwaka 2008 kwa ramani ya Rafael Moneo. Mlango wake unatazamana na ofisi ya mji. Hupita njia ya chini ya ardhi, chini ya kanisa lenyewe, na ghafula hutokea juani, madaraja yamemzunguka. Ukifika huko, usikimbilie kupiga picha. Keti kwanza, uyatazame mawe: mengine ni ya kale, mengine yametiwa na mafundi wa juzi ili kuyashikiza yale ya kale. Tofauti yaonekana, wala hawakutaka kuificha.