Uradidi wa Maneno ya Sauti katika Kiingereza Andishi: Funzo kwa Mfasiri wa Kiswahili

Makala hii inachunguza jinsi Kiingereza andishi kinavyotumia maneno yaliyorudiwa kuwakilisha sauti, na inabainisha kwa nini mfasiri wa Kiswahili hapaswi kuyahamisha maneno hayo jinsi yalivyo.

Uradidi huo una sura tatu. Kwanza, neno hurudiwa zima. 'Knock' moja ni pigo moja tu. 'Knock knock' ni mgeni aliyesimama mlangoni. Pili, irabu hubadilika, kama katika 'tick-tock' ya saa, 'ding-dong' ya kengele na 'clip-clop' ya kwato za farasi. Hapa irabu *i* hutangulia *a* au *o*, na mpangilio wa kinyume, 'tock-tick', hulikera sikio la mzawa wa lugha hiyo. Tatu, konsonanti ya mwanzo hubadilika, kama katika 'bow-wow', mbweko wa mbwa.

Utaratibu huu unadhihirisha kwamba maneno ya sauti si mwangwi mtupu wa maumbile. Ferdinand de Saussure, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alishikilia kuwa hata tanakali za sauti kwa kiasi fulani hutegemea makubaliano ya jamii. Ndiyo maana mlango unaobishwa 'knock knock' katika hadithi ya Kiingereza hubishwa *ngo! ngo! ngo!* katika ya Kiswahili.

Tofauti nyingine ni ya hadhi. Katika Kiingereza, maneno ya sauti yaliyorudiwa hunasibishwa zaidi na vitabu vya watoto na vibonzo. Nathari ya watu wazima aghalabu huitia sauti ndani ya kitenzi chenyewe, kama vile 'hiss' na 'splash'. Kiswahili, kwa upande wake, huiweka tanakali kando ya kitenzi: jiwe huanguka majini *chubwi*, mtu huanguka mchangani *tifu*, na usimulizi haupungukiwi na uzito wowote.

Mfasiri asipoizingatia tofauti hii hupotoka kwa njia mbili. Akifasiri 'splash' kwa 'kuanguka majini' pekee, sauti imepotea, *chubwi* ingeirejesha. Naye anayefasiri kwa Kiingereza, akiandika 'splash-splash' pale mzee anapozama, hugeuza msiba kuwa mchezo wa watoto.

Kwa hivyo, haitoshi mwanafunzi kukariri orodha ya tanakali kwa ajili ya mtihani. Hana budi kujiuliza kila tanakali inafanya kazi gani katika sentensi, na ni kipashio kipi cha lugha ya pili kinachoweza kuifanya kazi hiyo hiyo.